Kabla Mkono Haujanyooka

Chini ya kifua cha dereva wa lori la maji, Sugu alikuwa akipumzika. Wengine waliokuja kujifunza jujitsu katika chumba kile, juu ya duka la rangi, walipapatika wakilaliwa. Walirusha miguu, wakasukuma kwa viganja, wakamaliza pumzi kabla hawajafikiri. Yeye alibana viwiko ubavuni, akaficha shingo, akageuza uso pembeni apate hewa, kisha akatulia. Kwa dakika hizo hakuna aliyemwita. Hakuna aliyetaka kugeuzwa, kuoshwa wala kulishwa. Mzigo uliokuwa juu yake ulikuwa na miguu yake wenyewe, na kengele ikilia ungeinuka na kujiendea.

"Dada, umelala?" dereva aliuliza, jasho likimdondoka.

"Bado."

Kisha akatoka. Alingoja mpaka dereva alipohamisha uzito ili aitafute shingo, akapenyeza mkono katikati yao, akasogeza nyonga kando kidogo tu, akaingiza goti kwenye upenyo uliopatikana, akasogeza nyonga tena. Hakutumia nguvu kwa kuwa hakuwa nazo. Dereva alijikuta amepiga magoti mbele ya nyayo za mwanamke ambaye sasa hivi tu yeye alikuwa amemlalia, na hakuweza kueleza alivyofika pale.

Sugu alikuwa fundi wa mapazia, mwembamba, wa umri wa kuanza kusogeza sindano mbali na macho ili alione tundu. Jina la Sugu alipewa na wenzake wa mazoezi kwa sababu hagongi. Katika mchezo ule mtu akikabwa shingo, au mkono wake ukipindwa hadi ukingoni, humgonga mwenzake mara mbili kwa kiganja, na mwenzake humwachia papo hapo. Si aibu. Watu hugonga, hucheka, hufunga mikanda upya na kuanza tena. Sugu yeye alivumilia mpaka akapata mwanya au kengele ikamwokoa, na wenzake walimsifu kwa hilo. Sifa zilimwingia. Kwingineko hakuna aliyemsifu kwa lolote, isipokuwa wateja, nao walisifu pazia.

Mwalimu peke yake hakumsifu. Alikuwa mtu mpole, masikio yake yamevimba na kukunjamana kwa miaka ya kusuguliwa na vichwa vya watu.

"Mkono ukiwa umekunjwa, toka," alimwambia mara nyingi. "Ukishanyooka, gonga. Wewe unatafuta mlango wa tatu, na mimi tangu nianze mchezo huu sijauona."

Sugu aliitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia daktari anayemwambia apunguze sukari, akaenda zake.

Hakuja pale kutafuta mikanda. Alikuja kwa sababu mama yake alikuwa mzito. Kiharusi kilikuwa kimempooza mama upande mzima wa kushoto, kikamwachia ulimi ukiwa mzima na mkali, na mwili mkubwa ambao hapo zamani uliwahi kuwabeba watoto wawili kwa pamoja, mmoja mgongoni, mmoja kiunoni. Siku moja Sugu alipanda ngazi za duka la rangi kuchukua vipimo vya dirisha la juu, akaona msichana mfupi akimgeuza mwanamume wa miraba minne kama anayegeuza godoro. Alisahau vipimo. Wiki iliyofuata alirudi na suruali ya mazoezi. Tangu hapo alikuwa akimhamisha mama kutoka kitandani hadi kitini kwa nyonga badala ya mgongo, na hata mama alikiri kwamba sasa anabebwa na fundi.

Mama hakutaka mtu wa kuajiriwa. Mgeni, alisema, hatamshika. Kaka yake Sugu aliishi mji mwingine, safari ya siku nzima, na kila Jumapili alasiri alipiga simu na kuuliza kama wako sawa. Wako sawa, Sugu alijibu. Kaka hakuwa mtu mbaya. Swali lake lilikuwa la kweli kabisa. Jibu ndilo lililokuwa la uongo, na lilikuwa limetolewa mara nyingi hata likawa halina ladha mdomoni.

Jumamosi moja alifika mazoezini akiwa hoi bin taaban. Usiku kucha mama alikuwa ameomba maji, kisha mto, kisha kugeuzwa, kisha akaomba radhi kwa kuomba. Sugu alipokuwa chini ya dereva alihisi usingizi wa kweli ukimnyemelea, na hapo ndipo dereva alipomdaka mkono wa kulia, akapitisha miguu yake miwili juu ya kifua cha Sugu, akaukumbatia ule mkono na kuanza kujilaza nyuma.

Alijua la kufanya. Alilijua kuliko wote mle chumbani. Unashikanisha viganja, unamgeukia mpinzani badala ya kumkimbia, unakichomoa kiwiko kipite goti lake. Lakini hayo hufanywa mapema. Sugu alitaka kwanza apumzike kidogo. Alipokuja kuzinduka, viganja vilikuwa vimeachana na mkono umenyooka.

Dereva akasita, akamngoja agonge. Sugu akajikaza kisabuni. Dereva akaongeza kidogo, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kama maji yana moto. Kitu kikalia ndani ya kiwiko, sauti ndogo tu, na dereva akauachia mkono na kusogea nyuma kwa makalio hadi ukutani.

"Hukugonga," alisema.

"Nilikuwa natoka."

"Ulikuwa unatoka wapi? Mkono ulishaisha."

"Si kitu, kaka yangu. Mkono wenyewe ni wangu."

"Ni wako, sawa. Aliyeushika ni nani?"

Dereva alikuwa mtu mkubwa, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka juu ya magoti. Sugu alijaribu kucheka, lakini hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Mimi nikiwa huku juu sijui unaumia kiasi gani," dereva alisema. "Nitajuaje? Mwenye kujua ni wewe, na wewe umenyamaza. Ungevunjika hapa, mimi ndiye ningelala na hiyo sauti masikioni." Akachukua taulo lake. "Nisamehe, dada, lakini sifanyi mazoezi na wewe tena."

Mwalimu alimfunga kiwiko kwa bandeji akamwambia aweke barafu, na kwa wiki kadhaa asinyanyue kitu. Hapo kicheko kikamtoka, tena kibaya.

Njia nzima alikuwa na hasira. Aliyeumia ni yeye, na aliyesusa ni dereva. Hii ilikuwa haki ya wapi? Ametoka nyumbani ambako anafanywa ngazi ya kupandia, amekuja kufanywa godoro, na sasa anaambiwa kwamba hata ukimya wake unawaumiza watu. Alipika akiwa na hasira. Alimlisha mama kwa mkono wa kushoto, na mama, ambaye haoni haya kuuliza, aliuliza bandeji ni ya nini.

"Nimejigonga."

"Wapi?"

"Mlangoni, Mama. Kula."

Mama alikula. Lakini alimtazama mwanawe kwa muda, na kijiko kilichofuata alikikataa, akisema ameshiba.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mama alitaka kukaa kitini kabla kaka hajapiga simu. Hakupenda kuzungumza na mwanawe wa kiume akiwa amelala, ingawa simu haimwonyeshi mtu alivyokaa. Jirani aliyezoea kusaidia alikuwa amekwenda kuwaona wajukuu zake. Sugu alikitazama kiti, akautazama mkono wake, akapiga moyo konde. Alimketisha mama ukingoni mwa kitanda, akaingiza nyonga, akamfungia kiunoni kwa mkono wa kushoto, na kwa mazoea akamshika chini ya kwapa kwa ule wa kulia. Mama akainuka. Walifika nusu ya njia.

Kiwiko kikakataa. Hakikuuma sana, kiliacha tu kuwa mkono. Mama alianza kwenda upande wake mbovu, upande wa sakafu ya saruji, na Sugu hakuwa na muda wa jingine isipokuwa kugeuka ili atangulie yeye. Alianguka chali. Mama akamwangukia kifuani, mzima mzima, na simu ikabiringika kutoka kitandani ikatua karibu na kichwa chake.

"Umeumia?" waliulizana pamoja.

"Hapana," walijibiana pamoja.

Kwa mazoea Sugu akabana viwiko, akageuza uso, akavuta pumzi. Ilikuwa fupi. Akapitia moyoni yote aliyoyajua. Angeweza kuinua nyonga kwa ghafla na kumbingirisha aliye juu. Mama angetua kwenye saruji kwa ule upande uliopooza. Angeweza kumsukuma bega na kujivuta kando. Bega lenyewe lilikuwa lile la kushoto, linaloning'inia. Angeweza kuingiza goti, na goti lingepita tumboni. Kila njia aliyofundishwa ilipitia kwenye mwili wa mama yake. Basi akakaa pale chini, yeye aliyekuwa bingwa wa kutoka, na kwa mara ya kwanza kulaliwa hakukuwa mapumziko.

Uso wa mama ulikuwa karibu sana. Hakuwa ameuona kwa ukaribu huo tangu utotoni. Siku hizi aliuosha, aliupaka mafuta, lakini hakuutazama.

"Nakuumiza?" mama aliuliza.

"Hapana, Mama."

"Unadanganya. Moyo wako nausikia huku kwangu."

Sugu alifungua mdomo atoe jibu la kila siku, na badala yake akamkumbuka yule dereva, mtu mzima na nguvu zake zote, akitetemeka ukutani kwa kosa ambalo hakujua kuwa analifanya. Hasira ya jana ikamtoka. Uchovu ukabaki peke yake, mkubwa, hauna wa kulaumiwa.

"Ndiyo," alisema. "Unaniumiza, Mama. Nimechoka. Nimechoka siku nyingi."

Aliona aibu mara moja. Alingoja mama alie, au amwambie maneno makali, au amkumbushe nani alimbeba nani kwanza. Mama alilaza shavu juu ya shingo ya mwanawe. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya dawa.

"Hili bega," mama alisema hatimaye. "Unaponishika hapo chini ya kwapa. Linaniuma kama linang'olewa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza hayo mazoezi yako. Wewe ulikuwa umefurahi sana. Ulikuwa unaniinua huku unanieleza mambo ya nyonga." Akameza mate. "Nikasema, nikilalamika, ataacha kwenda, na akitoka pale ndipo anarudi angalau na uso wa mtu."

Sugu alitaka kusema kitu lakini kilio kilimtangulia. Alilia bila sauti, maana pumzi ya kutolea sauti haikuwepo, na machozi yakamwingia masikioni. Aliwaza asubuhi zote hizo alizojivunia ufundi wake, na mama amekaza meno juu ya bega lake, kila mmoja akimlinda mwenzake mpaka wote wawili wameumizwa.

Simu ikaita.

Iliita ikanyamaza, ikaita tena. Kaka hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Sugu alinyoosha mkono wa kushoto, akapapasa, akapokea na kuweka spika.

"Haya, niambieni," sauti ya kaka ilisema, yenye furaha ya siku ya mapumziko. "Mama yuko karibu?"

"Nipo," mama alisema.

"Shikamoo, Mama. Mbona sauti iko mbali? Umekaa wapi?"

"Marahaba. Nimemkalia dada yako."

Kaka akacheka. Alicheka peke yake kwa kitambo, kisha kicheko kikapungua, kikawa swali.

"Mama?"

"Tumeanguka. Niko juu yake, hapa sakafuni, na hakuna anayeweza kuinuka." Mama alisema hayo kwa utulivu, kama anayemwagiza mtu dukani. "Usipige kelele. Hatujavunjika. Mpigie yule fundi wa viatu wa hapo chini mtaani aje atusaidie, namba yake unayo. Lakini kwanza msikilize dada yako, ana neno."

Nje mtu alikuwa akiburuta meza. Sugu hakuwa na neno alilolitayarisha. Alikuwa na miaka ya kunyamaza.

"Kaka," alisema. "Siwezi tena peke yangu."

Alingojea maelezo, udhuru, habari za kazini. Kaka alivuta pumzi ndefu, na pumzi hiyo ilisikika pale chini kwa uwazi wa ajabu.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia?" aliuliza. Hakungoja jibu. "Unataka nifanye nini? Nije? Nimchukue? Niambie wewe. Niambie hasa."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, naye alijua kwamba jibu lolote angelitoa lingemfikia mama kwanza, maana mama alikuwa pale pale, shavu juu ya shingo yake, akisikia kila kitu. Alijaribu kusema na kifua kikakataa kupanda.

Mama aliuweka sakafuni mkono wake mzima, ule wa kulia. Alisukuma, ukatetemeka hadi begani, na mwili wake ukainuka kadiri ya unene wa kidole. Akaushikilia hapo, macho ameyafumba, ili mwanawe apate pumzi ya kujibia.