Siku Dari ya Severina Ilipovimba

Mvua ya Ilomba ikishuka kutoka mlimani haipigi hodi. Jumamosi ile mchana ilishambulia mabati kwa kishindo hata redio nikaizima, maana ilikuwa ikisema peke yake. Mara mke wangu Yusta akaingia mbio, khanga imelowa, mikono kichwani.

"Baba Ipyana, dari ya Severina imevimba! Imeshuka kama tumbo la ng'ombe!"

Nikasimama. Umri wangu ni wa kuitwa babu na kila mtu, lakini nikisikia dari, bomba au ufa, najiona kijana. Kusoma nilisoma ukubwani, shule ya jioni, nikitoka kazini, na tangu hapo sijaacha. Vitabu vya ufundi wa nyumba ninavyo vingi kuliko mashati.

Severina ni mke wa mwanangu Ipyana, na kwao ni Iringa. Nyumba yao iko ng'ambo ya ua wetu. Siku hiyo Ipyana alikuwa Chimala akipakia mchele, na fundi wa jirani alikuwa msibani Iyunga. Mama yake Severina, Bertha, alikuwa ndani ya basi akitoka Iringa kuja kumwona mjukuu wetu Tumpe. Alishatamka kwenye simu, nasi sote tukasikia: "Mtoto mchanga hakai kwenye unyevu. Nikikuta nyumba inavuja, nawachukua wote wawili mpaka mvua ziishe."

Na mvua za Mbeya si za kuisha kesho! Tumpe ndiyo kwanza ameanza kucheka, hasa Yusta akimleta kwangu. Nikamwambia Yusta dari ile haidondoki, mimi nikiwa hai.

"Basi limeshapita Chimala," akasema. "Fanya haraka."

Haraka ningefanya, ila kwa mila yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani uso kwa uso, wala hawasemeshani. Vijana wengi wameacha. Mimi sijaacha. Naye Severina, ingawa si wa kabila letu, ameishika mila hiyo kuliko binti zetu: akisikia kikohozi changu tu, anapita upande wa pili wa nyumba. Kuingia chumbani mwake hakukuwezekana.

Basi nikasimama nje ya dirisha lake na mwavuli, pazia limefungwa. Yusta akaingia ndani awe kinywa changu.

"Mwambie azime swichi kuu! Maji na umeme havipatani!"

"Anasema uzime swichi kuu," Yusta akarudia.

"Nimeshazima, mama," ikajibu sauti ya Severina.

"Mwambie amtoe mtoto chini ya hilo tumbo!"

"Unadhani tulimwacha hapo tukisubiri mwalimu?" Yusta akanijibu. "Endelea!"

"Sasa aweke ndoo, asimame pembeni, achukue bisibisi atoboe pale palipovimba zaidi."

Kisha nikasikia, "Mama, nitoboe dari yangu mwenyewe? Ipyana kaifunga mwezi uliopita!"

"Mwambie tundu dogo linazibwa kwa kiganja cha unga wa jipsamu! Maji yakikaa juu, ubao wa jipsamu unalegea kama mkate kwenye chai. Itadondoka yote!"

Nikangoja. Mvua ilikuwa ikinipiga magoti. Halafu nikasikia mlio wa maji yakigonga ndoo, na Yusta akipiga kelele: "Yanatoka! Gwe, yanatoka! Tumbo linapungua!"

Niliruka pale nje kama shabiki wa mpira. Lakini furaha haikudumu.

"Ndoo imejaa, nimeimwaga, na bado yanakuja!"

Mahali maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Huingia juu, yakatambaa kwenye mbao, yakachoka, ndipo yakadondoka. Nikarudi kibarazani kwangu, palipoinuka kidogo, nikalitazama paa la mwanangu. Hapo juu palikuwa na dishi jipya la televisheni. Bati lina mgongo na lina bonde. Mgongoni ndipo panapopigwa msumari, bondeni ni njia ya maji. Aliyefunga dishi lile alikuwa amepitisha boliti bondeni, sawa na mtu kujenga choo mtoni!

Kupanda juu hakukuwezekana. Bati lililolowa halina huruma na mifupa ya mzee, wala ya kijana. Ilibidi Severina apande juu ya meza, afungue kifuniko cha mlango mdogo wa dari, aingize kichwa na mikono. Nikarudi dirishani, nikatoa amri, akapanda. Punde nikasikia miguu ya meza ikigonga sakafu.

"Meza inacheza!" Yusta akalia. "Baba Ipyana, mikono yangu haitoshi! Ataanguka!"

Nikaufunga mwavuli.

"Yusta! Chukua shuka la kitandani, ulinyanyue kama ukuta!"

Akalinyanyua. Nikaingia kinyumenyume, uso ukutani, nikapeleka mikono nyuma na kuikamata meza kwa nguvu zangu zote. Tumpe alikuwa kwenye godoro kando ya mlango, akipiga teke hewa.

"Mwambie amulike kwa simu, aufuate ubao uliolowa kwenda juu!"

"Anakusikia, yuko hatua moja tu," Yusta akaninong'oneza. "Haya, Severina, fuata ubao."

"Naona! Yanatoka kwenye boliti, mama! Karibu tu, naishika!"

"Akande sabuni ya mche aizungushie boliti!"

Akaikanda. Ikateleza, ikaanguka ndooni. Akaikanda tena, ikateleza tena. Nikawa natafuta kichwani mwangu, ukurasa baada ya ukurasa, na sioni kitu. Ndipo sauti yake ikashuka kutoka darini:

"Mama, mwambie baba, maji haya yanapenda kushika kitu. Nikifunga kipande cha khanga kwenye boliti, nikakiteremsha mpaka ndooni, si yatakifuata?"

Jambo hilo sikuwahi kulisoma popote!

"Mwambie ndiyo! Mwambie ndiyo kabisa! Yusta, pasua khanga!"

"Khanga yangu?"

"Pasua!"

Khanga ikapasuka, na mlango ukafunguka. Bertha akasimama kizingitini na begi lake, maji yakimchuruzika.

"Jamani! Haya ndiyo mapokezi ya Mbeya? Mzee kakabiliana na ukuta kama aliyeadhibiwa, na mwanangu hana kichwa!" Akaiona ndoo, akaliona tundu. "Severina, teremka. Pakia nguo za mtoto."

"Subiri, mama, nafunga fundo."

"Nimesema pakia. Nyumba inavuja."

"Ilikuwa inavuja," akasema Severina. "Sikilizeni."

Tukasikiliza. Mvua ilikuwa bado ikinguruma juu ya bati, lakini sakafuni hapakuwa na tone. Maji yalikuwa yakiteleza kwenye khanga, kimya kimya, mpaka ndooni. Moyo wangu ulikuwa ukidunda hata nikaogopa utaitikisa meza.

"Ni mvua ileile, mama," Severina akaendelea. "Nikiikimbia leo, hata Iringa nitakimbia nikiona tone. Hapa ni kwangu. Sitoki, na Tumpe hatoki."

Bertha akanyoosha kidole darini. "Na hilo tundu?"

"Mwambie tundu ni langu!" nikapaza sauti ukutani. "Jua likitoka, boliti inahamia mgongoni na mpira wake, tundu la juu linazibwa kwa lami, la ndani kwa jipsamu, ikikauka tunapaka rangi!"

"Anamwambia nani?" Bertha akauliza.

"Wewe," akasema Yusta.

Tumpe akaanza kulia. Bertha akatupa begi. "Mtoto anapata baridi, na shuka mmelitundika hewani!" Akalivuta mikononi mwa Yusta, akamviringishia mjukuu wetu.

Meza ikatikisika, Severina alikuwa anateremka. Nikageuka kuishika vizuri, na tukawa uso kwa uso, yeye mweupe kwa vumbi la dari kama aliyetoka mashine ya kusaga. Yusta akaziba mdomo.

"Shikamoo, baba," akasema Severina, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Teremka polepole. Mguu huu wa meza nao unataka msumari."

Akacheka. Bertha akaketi kitandani, Tumpe kifuani, akavua viatu vyake vilivyolowa na kuvisukuma uvunguni.

"Leteni ndoo nyingine," akasema. "Hiyo itajaa kabla ya chai."