Wajane Waliorukwa na Programu

Coletha hakumpenda Bwana Ignas tangu siku ya kwanza, wala hakujisumbua kuficha. Mtu anatoka Dar es Salaam na tai shingoni, anashukia kwenye vumbi la Geita, anampita mlinzi mzee bila hata shikamoo, halafu anasimama katikati ya masijala na kuuliza, "Nani hapa anajua kusoma?" Mwenyewe alikuwa na kozi ya wiki sita. Wiki sita hata mahindi hayajabeba.

Mwaka huo wa 1987 ushirika wa wachimbaji wadogo ulikuwa umepewa kompyuta na wafadhili. Coletha, karani wa masijala, ndiye aliyeingiza kwenye diski habari za maduara yote ya Nyarugusu, yaani mashimo ya dhahabu na wenye haki ya kuyachimba. Kila mwenye duara alikuwa na faili lake. Aliyapanga kama yalivyopangwa kabatini miaka yote: mchimbaji akifariki, jalada lake halitupwi. Linabaki na jina lake, na la mjane linawekwa ndani yake, kwa sababu mjane bado anakaa kwenye kaya ya mumewe. Basi kwenye diski kila marehemu alifunguliwa saraka, kabati dogo ndani ya saraka kuu, na mjane akawekwa humo.

Ignas aliletwa aandike programu ya kuisoma saraka kuu na kutaja maduara yasiyo na faili, yaani yasiyo na mwenyewe, ili kamati iyagawe Ijumaa. Jumatano ikatoa orodha. Maduara ya wajane wote yalikuwa "wazi". Namba kumi na nne, la Tereza, mama Mbuke, lilikuwamo. Duara hilo alilochimba marehemu Telesphori ndilo lililomlisha mjane wake na watoto watano, na tayari mnunuzi mmoja wa dhahabu, Marselino, alikuwa akilizungukia kama fisi anavyozunguka zizi.

Coletha akaisoma programu mstari kwa mstari. Nusu saa haikuisha akaliona kosa. Mashine inapoorodhesha saraka, juu huweka mistari miwili yenye nukta tu: mmoja ni saraka yenyewe, wa pili ni ile iliyoibeba, na yote miwili ina alama ya saraka. Nukta hizo zilimkera Ignas, zilimchafulia karatasi yake. Badala ya kuziruka zenyewe, akaiamuru programu iruke kila mstari wenye alama ya saraka, na makabati madogo yote yakaenda na nukta. Ndivyo mjinga anavyoua inzi kwa kuvunja kibuyu cha maziwa.

"Bwana Ignas, wajane wamo," alimwambia. "Programu yako ndiyo haiingii ndani."

"Dada, wewe kazi yako kupiga chapa. Mashine haikosei."

"Haikukosea. Imekutii wewe."

Ignas akacheka, akaenda zake kunywa chai.

Kulikuwa na Mzee Makoye, mwenyekiti wa kamati, lakini Makoye aliiheshimu kompyuta hata akawa anavua kofia akipita mlangoni pa masijala. Kumweleza habari za saraka ni kumpigia mbuzi gitaa. Coletha aliwaza wale watoto watano. Alhamisi mchana, mtaalamu alipokwenda kula, akafungua saraka mpya yenye jina la Makoye na kulihamishia humo faili la duara la mzee. Kwa hilo angeweza kufukuzwa kazi.

Ijumaa kamati ikaketi, wajane nyuma ukutani, Marselino karibu na mlango. Ignas aliiendesha programu mbele ya watu, akasoma karatasi kwa sauti ya mahubiri.

"Namba kumi na nne, wazi. Namba kumi na tisa, wazi. Namba thelathini, wazi."

"Thelathini ni langu," Makoye akasema.

Ignas akaiendesha tena. Thelathini ikatoka vilevile. "Mashine haikosei, mzee," akasema.

Coletha akasimama. "Mzee nimemfungulia saraka jana, kama ninavyowafungulia marehemu. Faili lake limo, sikuligusa hata herufi. Programu hii ikikuta saraka inaruka. Imemruka mzee kama ilivyomruka mama Mbuke."

"Umenizika, Coletha?"

"Tangu jana mchana. Shikamoo, mzee."

Benchi zima likacheka. Makoye hakucheka. Alimgeukia mtaalamu, na safari hii hakuvua kofia. "Mashine haikosei, si ndivyo ulivyosema? Haya, nitoe humo. Ukishanitoa, watoe na hao kina mama."

Ignas alivua tai. Ilimbidi aifundishe programu kuziruka nukta tu na kuingia kila saraka iliyo ndani, na kila alipokwama Coletha alimtajia mstari, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Coletha alifurahi, na hakuona haya kufurahi. Saa tisa karatasi ikasomwa upya: namba kumi na nne, Tereza, mjane wa Telesphori. Marselino alikuwa ameshaondoka.

Makoye akakohoa, akitafuta neno la kiongozi. "Pole, mama Mbuke. Mlikuwa mmepotea."

Tereza akajifunga khanga vizuri, akainuka.

"Hatukupotea, mzee. Tulikuwa nyumbani kwa waume zetu. Huyu kijana hakupiga hodi."