Gari Linalogoma Mchana

Fundi Otoo alijua mapema kwamba kazi ile ilikuwa ya kuikataa. Angesema mgongo unamuuma, au ana msiba Saltpond, na nani angemlaumu? Lakini miezi miwili ilikuwa imepita pale Yamoransa hajafungua boneti ya mtu. Siku hizi wenye magari wanawataka vijana wenye kompyuta za kuchomeka, na mtu wa bisbisi na spana anaonekana kichekesho. Basi Ebo, mpwa wa marehemu Kwansa, alipomwita, akaenda. Tena akaenda mbio.

Neno lenyewe lilikuwa hivi. Kwansa kafa, siku arobaini zimepita, na kwa Wafante mali ya mwanamume hurudi kwa ukoo wa mama yake. Shamba limekwenda, redio imekwenda, hata viatu vimekwenda. Lilibaki gari, kipikapu kikuukuu kilichonunuliwa kwa jasho la mjane, Araba, ingawa karatasi zina jina la mume. Alfajiri Araba hukipakia kenkei, yale madonge ya mahindi yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba, akakiendesha mwenyewe mpaka soko la Mankessim. Hicho ndicho kinachomlisha yeye na watoto wanne. Lakini tangu mazishi, gari limekuwa gumu kuwaka. Mzee wa ukoo akakata neno: likiwaka, Ebo alichukue leo hii, likiwa bovu la kutupwa, aachiwe mjane afugie kuku.

Araba ndiye aliyempa fundi maji ya kunywa, kama ilivyo ada mgeni anapoingia. Alikuwa amejifunga kaniki ya msiba. Alipopokea kikombe kitupu akasema polepole, "Kaka Otoo, gari hili limechoka. Liache."

"Nimekusikia, dada," Otoo akajibu. Na alimaanisha, msimdhanie vibaya. Miaka kumi alikuwa anakula kenkei za mama huyu, na siku za njaa hakuwahi kunyimwa.

Ebo akaja anazungusha ufunguo kidoleni. "Mke wetu anasema haliwaki. Mimi nimekuja mara tatu, mchana, na kweli haliwaki. Lakini majirani wanalisikia alfajiri linanguruma. Sasa hili ni gari au popo?"

Watu wa ukoo waliokaa kwenye mabenchi wakacheka.

"Koili hiyo, inayozaa moto wa plagi," Otoo akasema, ameshainua boneti. "Ikiwa baridi inafanya kazi, jua likipanda inakufa. Na mwili mzima umeoza. Hili si la kuhangaika nalo." Ulikuwa uongo mzuri, uongo wa fundi, unaofanana kabisa na ukweli. Angefunga boneti hapo hapo, mambo yangeisha.

"Pima basi," Ebo akasema. "Au siku hizi unapima kwa mdomo?"

Otoo akapima. Akamwambia Ebo apige stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, basi betri nzima, stata nzima. Akachomoa mpira wa kabureta. Petroli ikaruka, basi mafuta yanafika. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, stata ikapigwa tena. Cheche hakuna, hata ya dawa. Koili akaigusa kimyakimya, akaikuta baridi kama mtungi, basi si yenyewe. Basi moto unapotelea mbele, kwenye distribyuta, kile kikombe kinachougawa kwa plagi. Kila hatua ilimsogeza karibu, na kila aliposogea alisahau kidogo kwamba hakuja kutafuta kitu. Mikono ya fundi haina adabu, jamani.

Akafungua kifuniko cha kikombe. Ndani, katikati ya vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili moto upite, palikuwa na kipande cha jani kavu la mgomba, kimekatwa kwa wembe, kimekunjwa vizuri. Otoo akaelewa yote mara moja. Kwansa mwenyewe, sasa alikumbuka, ndiye aliyekuwa akilifunga gari hivyo, kwa kuogopa wezi. Mkewe alikiona, akajifunza. Kila alfajiri alikitoa, na kila akirudi kutoka sokoni alikirudisha.

Akainua macho. Araba alikuwa amesimama mlangoni, hatikisiki. Otoo akakishika kifuniko akirudishe.

"Umeshindwa?" Ebo akauliza. "Sema tu, mzee, si aibu. Niliwaambia tumlete yule kijana wa Cape Coast mwenye kompyuta, wakasema hapana, Otoo, Otoo. Otoo gani? Mtu anashindwa na gari la enzi zake mwenyewe." Simu ilikuwa tayari mkononi, anatafuta namba.

Mabenchi yakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichomponza. Miezi miwili ya kukaa bure ikampanda kichwani, na Araba mlangoni hakumwona tena.

"Weka simu yako," akasema. Vidole vikaingia, vikatoka na jani, akalisokomeza mfukoni, akabana kifuniko. "Washa."

Likawaka kwa mkupuo mmoja. Ukoo mzima ukasimama, wanapiga makofi, wanamwita kwa jina. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na mtu mwenye furaha kumzidi Otoo katika Yamoransa yote. Kisha akakumbuka.

"Ilikuwa nini?" Ebo akauliza kwa sauti ya juu, maana injini ilikuwa inavuma.

"Uchafu," Otoo akasema. "Uchafu kidogo tu."

Ebo hakungoja zaidi. Akalirudisha gari nyuma mpaka barabarani, masinia ya kenkei ya Araba yakigongana nyuma, na hakuna aliyemwambia ayashushe.

Araba akaja mpaka aliposimama fundi. Hakulia, hakutukana. "Nilikuomba ushindwe siku moja tu," akasema. "Moja."

Otoo akainama kuokota spana zake. Hajainuka, mzee mmoja wa ukoo akamshika bega. "Fundi, lile langu nalo asubuhi linanisumbua, wale vijana wa kompyuta wamenichosha. Nikuletee kesho?"

Araba alikuwa bado amesimama pale pale, anamtazama.

"Lete," Otoo akasema. Na moyo wake, ubaya ndio huo, ukafurahi.