Magunzi ya Mniko

Mniko alimwaga unga mwaka wa tisini na sita, serikali ilipopunguza wafanyakazi na kugundua ghafla kwamba shule ya wavulana kule Migori inaweza kuishi bila mtu wa maabara. Miaka kumi na tisa ya kuosha mirija na kutega panzi wa kupasuliwa, na shukrani yake ikawa barua ya aya mbili. Iliuma, lakini haikuuma kama ile ya mtafiti.

Huyo mtafiti alikuja kutoka mjini miaka minne kabla. Mniko alikuwa ameokota gogo bovu bonde la Lambwe, gogo lililoshikwa na kuvu nyeupe, akakwangua kidogo na kuitia kwenye chupa ya maji yenye rangi ya buluu ya maabara. Baada ya siku tisa maji yakawa meupe. Akarudia kwa nyekundu, akarudia kwa kijani, na kila mara kuvu ikaila rangi ikaimaliza. Mtafiti alikaa kwake siku mbili, akanywa uji wa mkewe, akaondoka na chupa tatu zilizofungwa kwa gazeti, akisema, "Tutaandika pamoja." Waliandika, kweli. Jina la Mniko halikuwamo hata kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo akakata kauli kwamba hakuna kiumbe atakayeonyeshwa tena kuvu yake. Mtu akishang'atwa hivyo huwezi kumlaumu kwa kuficha mkono, ila kuna wanaoficha mpaka mkono unawaozea mfukoni.

Basi mwaka wa tisini na nane akajikuta Homa Bay, kwenye karakana ya Bathsheba. Huyu mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kumi na mmoja, tisa kati yao wajane, waliofuma masweta ya shule. Walinunua uzi mweupe wakautia rangi wenyewe kwenye masufuria makubwa, kijani ya shule hii, damu ya mzee ya shule ile. Mniko alimjua tangu enzi zake za maabara, maana ndiye aliyewaletea masweta Migori, akimwita Mwalimu kama wote wa pale shuleni.

Maji ya rangi yalitoka karakana kwa mtaro, yakateremka hadi ufuoni mwa ziwa wanakoanika omena, wale dagaa wadogo. Siku moja wauza omena walipanda na karai, wakamwaga mlangoni kwa Bathsheba samaki wenye ukijani wa majani ya chai mabichi. Wiki iliyofuata akaja Bwana Afya, jina lake Ondieki, mtu mpole mwenye daftari. Akasema Jumatatu tarehe nane Juni atarudi, na maji yanayotoka yasipokuwa meupe, atatia kufuli. Wanawake hawakulala vizuri tena. Bila masweta, Lynnet wa Bathsheba, aliyekuwa kidato cha tatu, angerudi nyumbani, na watoto wa wale wengine wangemfuata.

Mniko akasema ana njia. Alipanga mapipa matatu, moja likichuruzikia jingine, akayajaza magunzi ya mahindi yaliyochemshwa na kutiwa sukari nguru kidogo, kisha akapanda kuvu yake humo. Kazi hiyo aliifanya peke yake, mlango umefungwa, gunia dirishani. Ungedhani anachapisha noti bandia. Baada ya wiki tatu, maji ya kijani yaliyomiminwa pipa la kwanza yalitoka pipa la tatu yakiwa meupe kama ya kisima. Wanawake wakapiga vigelegele hadi wauza omena wakaja kuchungulia.

"Mwalimu, umeweka nini huko ndani?" Bathsheba aliuliza.

"Chujio tu, Mama Lynnet. Chujio la magunzi."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna. Nyinyi msiguse tu."

Aliuliza tena mara mbili, siku nyingine, kwa adabu ile ile. Jibu halikubadilika. Mniko alimheshimu yule mama, hilo nakubali. Lakini alimtazama akaona ndani yake mtu mwingine mwenye chupa tatu na gazeti.

Alhamisi kabla ya ukaguzi akapanda gari kurudi Migori. Mnajua alifuata nini? Koti jeupe la maabara. Hakutaka Bwana Afya amkute na shati la kola iliyochakaa siku ya ushindi wake. Koti lilihitaji kufuliwa, kupigwa wanga, kushonwa kifungo, kwa hiyo akaaga mpaka Jumatatu asubuhi. Aliagiza mapipa yasifunguliwe. Kwa nini, hakusema.

Wanawake wale karibu wote walikuwa Waadventista. Ijumaa kwao ni siku ya maandalizi, na jua halitui kabla nyumba, ua, sufuria na hata miguu ya jiko havijasuguliwa, ili Sabato ikute kila kitu kimetakata. Mniko alikuwa ameona Ijumaa kumi na mbili kwa macho yake mawili. Kila Ijumaa saa nne mashine za kufumia zilinyamaza na maji yakaanza kumwagwa. Mapipa yake tu ndiyo yaliyosalimika, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando yake. Ijumaa hiyo hakuwapo, na mgeni wa Jumatatu alikuwa njiani.

Jumatatu alipofika langoni, harufu ya Jik, ile dawa ya kuondoa madoa, ilimpokea kabla ya watu.

"Karibu, Mwalimu!" Bathsheba alitoka mbio, kitambaa kipya kichwani, uso umejaa furaha. "Leo hata wewe utajivunia sisi."

Karakana ilikuwa inang'aa. Mapipa yalikuwa yanang'aa. Juu ya uchaga wa vyombo, zile chupa zake nne za mbegu ya kuvu, alizokuwa amezificha nyuma ya mapipa chini ya gunia, zilikuwa zimepangwa safi, midomo chini, zikikauka.

"Mama Lynnet," alisema taratibu, "mmefanya nini?"

"Yawa, Mwalimu, hiyo chujio yako ilikuwa imeoza! Tulifungua tu tuone kama maji inapita. Kumbe ukungu nyeupe imeshika magunzi yote, mpaka obwolo, uyoga kabisa, imeanza kutoka kando. Nikasikia aibu. Bwana Afya afungue akute uyoga? Atasema sisi ni watu wachafu. Tukatoa yote tukachoma. Damaris huyu akasugua mapipa na Jik mara tatu. Magunzi tumeweka mpya, tumechemsha vile wewe hufanya."

Mniko alifungua pipa la kwanza. Magunzi yalikuwa safi, ya manjano, yamepangwa kwa upendo. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na koti lake la wanga. Alitaka kupiga kelele, lakini angempigia nani?

Ondieki alifika saa tatu. Maji ya kijani yakamiminwa, yakapita pipa la kwanza, la pili, la tatu, yakatoka kijani. Ondieki hakuwa mtu mbaya. Alisubiri nusu saa, akaagiza yarudiwe, akainua glasi kwenye mwanga. Ni kijani ile ile.

"Mzee, imekuwaje?" alimuuliza Mniko. "Niliambiwa inafanya kazi."

"Wameosha."

"Si chujio huoshwa?"

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wanamtazama. Damaris bado alikuwa na brashi mkononi.

"Haikuwa chujio," Mniko alisema. "Ilikuwa kuvu. Ile nyeupe. Ndiyo ilikuwa inakula rangi. Ile mliyochoma."

Bathsheba alimkaribia.

"Ilikuwa kitu inaishi?"

"Ndiyo."

"Na nilikuuliza mara tatu." Sauti yake haikupanda. "Mwalimu, mimi nimefuga kuku, nimefuga mbuzi, nimelea watoto sita bila baba yao. Ungeniambia iko kitu huko ndani inakula, ningeamka kuilisha kabla ya watoto wangu. Ulifikiri nitaipeleka wapi?"

Mniko alimgeukia Ondieki. Aliomba wiki nane, aende Lambwe kutafuta gogo lingine. Ondieki alitikisa kichwa. Amri ilikuwa ya leo, alisema, na wauza omena walikuwa wameshakaa nje wakingoja. Angewapa muda wa kutoa vyombo vyao tu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na huruma, akaongeza kwamba wakipata njia ya kweli wamwandikie, naye atakuja kuangalia tena.

Bathsheba akamgeukia Mniko upesi, kama mtu aliyetupiwa kamba. "Basi tuambie sasa. Inatolewa kwa mti gani, inapandwa namna gani. Hata kama wanafunga hapa, sisi tutapanda kwa nyumba zetu. Sema tu."

Mniko alifungua mdomo. Alitaka kusema, naamini kabisa alitaka. Lakini Ondieki naye alitaka kusikia. Alikuwa amefunua ukurasa mpya wa daftari, kalamu tayari. Mniko akaiona ile kalamu.

"Hayo," alisema, "tutaongea baadaye, Mama Lynnet. Tukiwa wawili."

Bathsheba akampa mgongo. Kisha akawaambia wenzake maneno machache kwa Kijaluo, na wanawake wakaingia ndani kutoa mashine kabla ya kufuli. Zilikuwa nzito, wakazibeba wawili wawili, wakipumzika kila hatua chache. Walipita mbele ya Mniko kwenda na kurudi, na hakuna aliyemwomba ashike hata upande mmoja.