Chupa ya Mkuu wa Shururu

Nchi ya Shururu imelala kati ya milima miwili ya mchanga mweupe, na huko ukungu haupandi asubuhi wala haushuki jioni. Hukaa tu, na watu hupita ndani yake taratibu, kama waliosahau waendako. Muda wao hupimwa kwa chupa mbili zilizounganishwa shingoni, mchanga ukichuruzika kutoka ya juu kwenda ya chini, na kila anayeugua huingia kwa daktari na chupa yake mkononi. Mchanga ukiisha, na maneno yameisha. Zamani chupa zilijaa. Kisha Wakuu wa Mlimani, waliojenga kasri zao kule juu ambako hata ukungu huomba ruhusa kupita, wakaanza kuchota mchanga wa watu, konzi leo, konzi kesho, eti kwa ustawi wa taifa, na huo ustawi wote, jamani, ukamiminwa katika chupa moja ndefu kuliko mlango, chupa ya Mkuu Tindikari, ambaye maumivu ya goti lake moja yalisimuliwa kwa daktari tangu chai ya asubuhi hadi mikeka ya kulalia ilipotandikwa.

Mwanafunzi mmoja, jina lake Sikudhani, alikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, wa kusomea udaktari wa familia. Mwaka wa kwanza alitembea nyuma ya mwalimu wake, wa pili ubavuni. Huu wa tatu alipewa chumba, kiti na wagonjwa wa mtaa mzima wa Kizimbwi, na mwalimu, Bi Mwanahawa, akajikalia nyuma ya pazia akisikiliza na kusonya. Hakuna aliyemwonya kwamba mwaka huo mtu huota wagonjwa akiwa macho, kwamba angesahau jina la shangazi yake na kukumbuka vidonge vya kila bibi wa Kizimbwi. Aliwapenda, basi. Mtaa ule ulikuwa na miaka tisa bila daktari wake. Akifaulu mtihani wa mwisho angebaki nao. Akianguka, wangerudi kujitibu kwa uvumi.

“Leo umekosea wapi?” Bi Mwanahawa alimuuliza siku moja, baada ya mwanamke aliyelalamikia kichwa kuondoka.

“Sijakosea, Bi. Nimempa dawa ya kichwa.”

“Ala! Na mlangoni je? Hukumwona alivyoshika kitasa akageuka? Watu wetu hawasemi kitini, mwanangu. Kitini wanakusalimu tu. Neno lenyewe hulitoa mkono ukiwa kwenye kitasa, na wewe ulikuwa umeinamia karatasi.”

Sikudhani alilia kwa haya. Tangu siku hiyo, mgonjwa akisimama, yeye huweka kalamu chini.

Siku ya mtihani akapandishwa mlimani. Sharti lilikuwa moja: asimzidishie mtu hata punje ya mchanga. Akaingizwa Mzee Chande, mpiga lipu wa Kizimbwi, na mchanga usiojaa kifuniko cha chupa ya soda. Akakohoa, akasema ni vumbi la kazi, mchanga ukaisha. Akashika kitasa.

“Na ile damu, daktari…”

Walinzi, waliofunzwa kutazama chupa na si nyuso, wakambeba kwapani wakamtoa. Sikudhani akanyanyuka nusu. Mtahini mmoja akachovya kalamu yake, tayari kuandika kosa. Sikudhani akaketi. Ndiyo, aliketi, na akaona aibu.

Mgonjwa wa mwisho, kwa desturi, alikuwa Mkuu mwenyewe, na kazi ya mtahiniwa ni kuitikia “naam” mpaka muhuri wa kufaulu ugongwe. Goti likaanza. Naam. Goti likaendelea, likapita utotoni, likapita vitani, naam, naam, mpaka Sikudhani akahisi anaelea, na katika kuelea huko akayaona macho ya Mkuu yakiomba kitu ambacho mdomo haukukijua. Mwenye mchanga wote huu, masikini, hajawahi kuufikia mlango!

“Mheshimiwa, simama. Nenda ukashike kitasa.”

“Nini?”

“Nenda tu, baba.”

Akaenda akichechemea, akicheka. Alipokigusa, kicheko kikakatika.

“Daktari,” akasema kwa sauti ndogo, “mimi naogopa…”

Lakini kwa sheria aliyoitia saini mwenyewe, kiti kikiwa kitupu chupa hulazwa, na chupa iliyolazwa imekwisha. Walinzi wakailaza chupa ndefu, wakaitazama. Wakambeba kwapani.

“Bado sijasema! Bado sijasema!”

Muhuri ulikuwa umekwisha kuloweshwa wino, umeinuliwa juu ya cheti. Sikudhani aliutazama mara moja tu, akatoka mbio.

Akawakuta Mzee Chande na Mkuu ngazini, ndani ya ukungu, Mkuu akiwa na kiatu kimoja.

“Mimi kwanza,” Mkuu alikuwa akisema.

“Panga foleni, mheshimiwa,” akajibu Mzee Chande. “Mimi nimekatizwa katikati ya neno.”

Mkuu hakujua foleni hupangwaje. Akauliza asimame wapi, akaonyeshwa, akasimama.

Ndani watahini waliita jina la Sikudhani mara ya kwanza, wakaita mara ya pili. Yeye akaketi kwenye ngazi.

“Haya, Mzee Chande,” akasema. “Hiyo damu ilianza lini?”