Boksi la Mwisho la Delbert Kunkel

Delbert Kunkel aligonga kibunda cha thelathini na nane kwenye ukingo wa meza ya jikoni. Karatasi ya benki ikachanika, na sarafu ishirini za nusu dola zikamwagika juu ya taulo. Hakuzigeuza. Alizipanga safu, akainama, akatazama kingo zake tu. Kila moja ilikuwa na mstari wa shaba katikati. Takataka. Alizisukumia zote kwenye ndoo, akasonya.

Kwa kusonya hakuwa na mpinzani katika Ohio yote. Aliwasonya makeshia kwa kuwa walishika sarafu kutwa bila kuzitazama. Harlan Stutz wa nyumba ya pili, ambaye hufungua vibunda vya senti moja moja, Delbert alimwita kuku, eti anachakura punje. Sisi wengine wa mtaa alituona vipofu. Nasi tulimwona mpumbavu. Tulimwita hivyo akiwa hayupo, na Harlan alimwita hivyo mbele ya uso wake.

Ni kweli kwamba serikali iliacha zamani kutia madini ya fedha kwenye sarafu, ikatumia shaba, na kwamba chache za kale bado zinazunguka. Anayeokota moja huiuza kwa mara kumi au zaidi ya thamani iliyoandikwa juu yake. Lakini Delbert alikuwa amezitafuta miaka kumi na moja, tangu kiwanda cha ekseli za magari alikofanya kazi kifungwe, na alichopata kilienea kwenye kopo la tumbaku. Alinunua maboksi benki ya mjini, na mabaki akayapeleka benki ya ng'ambo ya mto, asije akauziwa uchafu wake mwenyewe. Renee, keshia wa mjini, aliwahi kumwambia, "Bwana Kunkel, gari linalokusanya sarafu za benki zote mbili ni moja. Zinakwenda ghala moja, zinafungwa upya." Delbert akamcheka. Msichana wa kukaa nyuma ya kioo, atajua nini.

"Umefika wapi?" mkewe akauliza kutoka kwenye jiko. Ardith alikuwa anakoroga supu ya maharage na mfupa wa nyama ya nguruwe, na nyuma yake matone ya theluji iliyoyeyuka yalidondoka kutoka darini kwenye beseni, moja baada ya jingine.

"Thelathini na nane."

"Na?"

"Bado kumi na mbili, mama. Usinisemeshe."

Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Dola mia tano zilizonunua boksi lile la vibunda hamsini zilikuwa za kutengeneza paa. Ardith alikuwa amesema, bila kupandisha sauti, kwamba hili ndilo la mwisho. Ikitoka sarafu ya fedha hata moja, Delbert aendelee na vibunda vyake mpaka dari iwaangukie. Isipotoka, pesa zinarudi, Roush fundi wa mapaa anaitwa, na meza ya jikoni inakuwa tena ya kulia chakula. Delbert alikubali upesi, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake aliyeweka dau la kushindwa.

Thelathini na tisa, shaba. Arobaini, shaba. Cha arobaini na moja alikigonga kwa hasira hata karatasi ikapasuka mara mbili, nacho kilikuwa shaba tupu. Bila vibunda angefanya nini asubuhi? Angeamka aende wapi? Alijua jibu, na lilimtisha kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Beseni lilijaa. Ardith akalibeba kwenda kulimwaga uani. Mlango ulipofungwa tu, Delbert alifungua kopo la tumbaku, akatoa nusu dola ya mwaka 1943, ile yenye picha ya mwanamke anayetembea kuelekea jua, akaichomeka katikati ya sarafu za kibunda cha arobaini na moja. Ilikuwa sarafu yake ya kwanza, iliyotoka kwenye kibunda cha kwanza alichofungua maishani. Baa nzima ya mtaani iliijua hadithi yake. Ukingo wake ulikuwa umebonyea upande mmoja, na Delbert alikuwa amewaeleza wote, kwa sauti ya profesa, kwamba ile ni alama ya mashine ya benki. Hakuwa na wasiwasi na mkewe. Miaka yote hiyo Ardith hakuwahi kuomba kuiona, na kwa Delbert mtu asiyetazama sarafu hakuwa na macho.

"Njoo uone," Delbert alimwambia Ardith aliporudi. "Njoo, wewe usiyeamini."

Ardith alifuta mikono kwenye aproni. Aliichukua ile sarafu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, mpaka pale palipobonyea. Kidole kikasimama.

"Hii ni ya baba," akasema.

"Baba yupi? Imetoka humu sasa hivi."

"Alipokuwa jeshini alitaka kumtengenezea mama pete kwa sarafu hii. Akawa anagonga ukingo kwa kijiko, kama walivyofanya wenzake. Akachoka baada ya siku mbili. Hapa ndipo alipoachia."

"Hiyo ni alama ya mashine."

"Delbert. Kiwanda kilipofungwa, wiki tatu ulilala kwenye kochi umeelekea ukutani. Huogi, huli. Halafu siku moja ukaja na vibunda viwili kutoka benki, sijui vya nini, na wewe mwenyewe hukujua. Nikafungua kimoja bila wewe kuniona, nikaitia hii, nikakifunga kwa gundi ya unga." Aliigeuza kwenye kiganja. "Nilidhani utafurahi siku moja. Sikujua utafurahi miaka kumi na moja."

Delbert alinyosha mkono aichukue. Ardith akafumba kiganja.

"Mimi nilikudanganya ili uinuke," Ardith akasema. "Leo wewe umenidanganya kwa ajili gani?"

Hakungoja jibu. Aliitia sarafu kwenye mfuko wa aproni, akaenda kwenye simu ya ukutani.

"Roush? Ardith Kunkel hapa. Ndiyo, lile paa. Jumatatu ni sawa."

"Vimebaki tisa," Delbert alisema mkewe alipokata simu. Sauti ilimtoka ndogo.

"Fungua. Nani amekukataza?"

Alirudi kwenye supu yake. Delbert akakigonga kibunda cha arobaini na mbili, sarafu zikamwagika, nyingine zikabingirika mpaka sakafuni. Hakuinama kuzitazama kingo. Mkewe alikuwa anakoroga, na kila alipogeuza mwiko mfuko wa aproni ulicheza kidogo, na macho ya Delbert yalikuwa pale.