Jina la Nyamizi Limechukuliwa

Umeme ulikatika Hafsa akiwa ameandika nusu ya jina. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, feni ikajizungusha kivivu kisha ikasimama, na mwanamume aliyekuja kutoa kopi ya cheti akasonya, akatoka nje kutafuta kivuli. Gaudensia hakusonya wala hakutoka. Alibaki kwenye benchi, ndoo ya asali katikati ya miguu, akakaza kitenge alichoifunikia, maana nyuki wa mjini nao ni nyuki na walikwisha kuinusa.

Alikuwa ametoka kijijini, ndani kabisa huko Sikonge, giza bado liko. Alisukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka barabara kuu, akaiacha kwa fundi mmoja, akapanda gari la Tabora akiwa hajatia kitu mdomoni. Nyonga ilimuuma, ile aliyoitegua alipoanguka kutoka kwenye mti wa mninga. Lakini moyoni alikuwa na raha, ukweli usemwe. Leo jina la mama yake lilikuwa linaingia mtandaoni.

"Vumilia, mama'ngu," Hafsa akamwambia. "Hawa hawachelewi kurudisha." Duka lile la steshenari lililokuwa karibu na soko lilikuwa lake mwenyewe, marehemu baba yake aliuzia humo vitabu na tasbihi, yeye akaongeza kompyuta. Watu wa mashamba walimpenda kwa sababu hakuwa na maringo.

"Nimevumilia mengi, mwanangu. Umeme ndio utanishinda?"

Wakacheka wote wawili.

Umeme ulirudi wakati msikitini wanaadhini adhuhuri. Hafsa akaandika upya, herufi moja moja, akitamka kwa sauti ili mwenye jina asikie: asalinyamizi, doti, ko, doti, tizedi. Akabonyeza. Akasubiri. Kisha akavuta kiti karibu na kioo, akasoma tena, na uso wake ukabadilika.

"Mama, jina hili lina mwenyewe."

"Ndiyo. Mwenyewe si mimi hapa?"

"Hapana, mama'ngu. Limechukuliwa. Kuna mtu keshalisajili, na kalisajili juzijuzi tu." Akakigeuza kioo. "Lugembe. Unamjua?"

Loo! Nani Sikonge asiyemjua Lugembe? Ndiye aliyekuwa akinunua asali yao miaka nenda miaka rudi, kwa ndoo yake mwenyewe iliyotuna kuliko ndoo za watu wote, na kwa bei aliyoitaja yeye. Gaudensia aliangalia herufi zile zisizotikisika.

Huyo Nyamizi alikuwa mama yake mzazi. Zamani hizo mwanamke hakupanda mti kutundika mzinga; asali ilikuwa mali ya wanaume, na mwanamke kazi yake ilikuwa kuichuja na kufunga mdomo. Nyamizi akapanda. Wakamcheka, wakamwita jike dume, wengine wakasema ndiyo maana mvua imechelewa. Naye akachonga alama yake kwenye magogo, mikato miwili na nukta chini, akaitangaza kama desturi inavyotaka. Maana kule msituni hakuna polisi wala kufuli. Mtu akichonga alama mpya husimama mbele ya warina asali wenzake, huitaja alama na jina lake, na wao humjibu, "Tumeiona." Basi, kwisha. Kuanzia siku hiyo mzinga unaweza kukaa porini peke yake hata mwaka mzima. Atakayeugusa ni mwizi, na mwizi wa mzinga hata nduguye hali naye sahani moja.

Mume wa Gaudensia alipofariki, shemeji zake walikuja kabla ya arobaini wakachukua mizinga yote ya marehemu. Ndiyo mila, walisema, mizinga haiolewi. Ikambakia ile tu yenye alama ya Nyamizi. Kwa mizinga hiyo alimsomesha binti yake, Levina, na kwa mizinga hiyo akapata bahati ambayo hakuiota: duka kubwa la Dar es Salaam lilionja asali yake, likaipenda, likataka kuinunua moja kwa moja, Lugembe asiwepo katikati. Sharti lilikuwa moja. Dada wa manunuzi alimweleza kwa simu, taratibu kama anafundisha mtoto: biashara iwe na jina, jina liwe na tovuti, na tovuti iishie na tizedi, wateja waamini kwamba asali ni ya nchini.

Gaudensia akafanya alichokijua. Kabla ya kwenda mjini alisimama kwenye mkutano wa wafugaji nyuki katika ukumbi wa Wamoraviani. Siku hiyo alikuwepo afisa biashara, Bwana Wilbroad, aliyekuja kuwahimiza warasimishe shughuli zao. Mgeni rasmi alikuwa Lugembe, aliyewaletea soda. Gaudensia akalitangaza jina. Akaitaja na anwani yake, herufi kwa herufi, pale pale, kama alama inavyotajwa mkato kwa mkato, mtu asije akasingizia kwamba hakusikia.

"Tumeiona!" ukumbi ukajibu.

Na sauti ya Lugembe ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Chagua jina lingine, mama," Hafsa alisema kwa upole. "Asali Gaudensia. Zuri tu. Nakusajilia sasa hivi."

"Wale wa Dar wameonja asali ya Nyamizi."

"Basi waulize kama watakubali."

Gaudensia akatoa simu yake ya kitochi, akapiga. Yule dada alipokea kwa uchangamfu ule ule. Gaudensia akajieleza.

"Lakini mama, Nyamizi wameshatuandikia. Barua pepe yao hii hapa, na tovuti tumeiona. Mkurugenzi ni Bwana Lugembe. Wewe si ndiye mama anayemrinia? Alitutajia."

"Mimi simrinii mtu."

"Basi mtayamaliza wenyewe huko. Sisi tunafanya kazi na mwenye anwani." Simu ikakatika, au ikakatwa.

Hafsa alikataa malipo yake. Tena alimletea chai na andazi, na Gaudensia akala kwa sababu andazi halikuwa na kosa lolote. Kisha akajitwika ndoo, akaenda ofisini kwa afisa biashara.

Bwana Wilbroad alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa tai na tabasamu, tena mwepesi wa kunyanyuka kumpa mama kiti.

"Pole sana, mama Levina. Ila hapo umekosea mwenyewe. Mtu anasajili kwanza, ndipo anatangaza. Wewe umetangaza kwanza."

"Kwetu tunatangaza kwanza. Ndiyo sheria ya mzinga."

"Mfumo haujui mzinga, mama. Unamjua aliyetangulia. Kama hukuridhika, malalamiko yanapokelewa mtandaoni, unaambatanisha usajili wa biashara, unaandika kwa Kiingereza ili uende haraka, na ukipata wakili..."

"Mashahidi ninao. Ukumbi mzima."

"Hao watakuja kusema?"

"Wewe mwenyewe ulikuwepo. Uliitika 'Tumeiona.' Nilikuona."

Bwana Wilbroad akautazama mlango, akaitazama simu yake, akairekebisha tai iliyokuwa imekaa sawa.

"Mimi nilikuwepo kikazi," alisema.

Hapo Gaudensia akajua kwamba mlango huo nao umefungwa. Hakulia. Kwa hasira akakata mitaa ya Tabora kwenye jua kali, akachechemea mpaka ghala la Lugembe.

Uchungu mwingine ni wa adabu. Aliyekunyang'anya ni mkubwa kwako kwa umri, na umelelewa.

"Shikamoo, Bwana Lugembe."

"Marahaba, mama Levina! Karibu, karibu kiti. Mletee mama maji huko!" Alikuwa amekaa mlangoni, kanzu safi, mbele ya mapipa. Hakujificha, wala hakuona haya hata chembe. "Nimesikia umepita kwa Hafsa. Ungeanzia kwangu, tusingesumbuana."

"Nirudishie jina la mama yangu."

"Nimekulindia. Sikiliza, mwanangu. Jina zuri namna ile, ukalitangaza ovyo mbele za watu? Angeliwahi mtu wa mbali ungemwona wapi? Mimi unajua nilipo. Unaingia, unakaa, unakunywa maji."

"Uliitika. Uliniitikia mbele ya watu."

"Niliitika, na sijagusa mzinga wako hata mmoja. Nimegusa? Nenda kahesabu. Mizinga ni yako, nyuki ni wako, mti ni wa serikali. Kule kwenye kompyuta ndiko nilikotundika mimi wa kwangu." Akainama, akafunua ile ndoo, akachovya kidole, akaramba, akafumba macho. "Asali ya kiangazi. Hii naichukua yote, kwa bei yetu ya siku zote. Na marehemu mama yako atajulikana mpaka Ulaya. Mtoto gani hapendi mama yake ajulikane?"

Mchovya asali hachovyi mara moja. Kidole kilikuwa kinarudi. Gaudensia akaifunika ndoo. Akasimama, akajitwika, akaondoka bila kuaga, yeye ambaye hajawahi kutoka kwa mtu bila kuaga. Nyuma yake alimsikia Lugembe akicheka kidogo, tena bila chuki, kama mtu anayemwona mbuzi amekata kamba akajua jioni atarudi.

Kijijini aliwaendea wanawake wenzake mmoja mmoja. Aliwataka jambo dogo tu: waende naye kwa mtendaji wa kijiji waseme walichokisikia. Wakamsikitikia kwa dhati. Mmoja alilia kabisa. Lakini huyu alikuwa amekopeshwa na Lugembe mavazi ya kurinia, yule mwanawe anabeba mapipa ghalani kwake, na wote walikuwa na asali ndani isiyokuwa na mnunuzi mwingine. "Tuliiona, dada," walimwambia. "Ila usitutaje."

Akajaribu kuuza mwenyewe. Alipeleka Puge kwenye mnada, akapeleka stendi ya Nzega. Madalali waliiangalia ile lebo aliyokuwa ameichapisha kwa Hafsa, wakaulizana, wakapigiana simu, wakamrudishia chupa. Hii asali ina mwenyewe, mama, walisema. Tusije tukashikwa na jina la mtu. Akabandua lebo moja baada ya nyingine kwa maji ya moto. Asali isiyo na jina ikaitwa ya sukari guru, ikakosa hata wa kuionja.

Masika yakaingia. Asali ilibaki kwenye ndoo, ikaganda. Wapi! Asali haisongwi ikawa ugali. Levina akaandika kutoka chuoni kwamba amezuiwa kuingia kwenye mitihani kwa sababu ya ada, na hakulaumu mtu, na hilo ndilo lililomvunja mama yake kuliko kama angelaumu. Asubuhi iliyofuata Gaudensia alipakia ndoo kwenye baiskeli.

Lugembe hakumsimanga. Alimpimia kwa ile ndoo yake iliyotuna, akampa chake, akamuulizia habari za mtoto. Bei ilikuwa imeshuka kidogo. Soko, alisema, si unaliona mwenyewe. Kisha, Gaudensia alipokuwa anaaga, akamwambia wiki ijayo asiende mbali na nyumbani. Kuna wageni anakuja nao.

Walikuja na gari jeupe mpaka lilipoishia njia, wakamalizia kwa miguu. Lugembe alitangulia, na nyuma yake mpiga picha kutoka Dar, kijana mpole mwenye mabegi mengi, aliyetoa shikamoo kwa kila mtu hata kwa watoto. Picha zilikuwa za tovuti. Watu wa Dar, alieleza, wanapenda kumwona anayerina, wanunue kwa imani.

Walimtaka Gaudensia avae vazi la kurinia, jipya, lililokuja na gari. Akavaa. Walimtaka asimame chini ya mzinga wa gogo, ule mkongwe, alama ionekane vizuri: mikato miwili na nukta chini. Akasimama. Alikuwa ameahidiwa kwamba siku hii italipwa peke yake, na mitihani ya Levina ilikuwa mlangoni.

"Funua wavu, mama, uso uonekane. Safi. Sasa cheka kidogo."

Nyuki walikuwa wanampita masikioni. Akajitahidi kucheka.

"Kichwa juu kidogo. Samahani, mama, sijakuuliza jina, na picha lazima niandike chini yake." Kijana akainua macho kutoka kwenye kamera. "Wewe ndiye Nyamizi mwenyewe?"

"Ndiye huyo," alijibu Lugembe kutoka kivulini. "Andika."

Gaudensia akafungua mdomo aseme.

"Hapo hapo, mama!" kijana akapaza sauti kwa furaha, jicho tayari kwenye kamera. "Usiseme kitu. Kaa hivyo hivyo."